Maswali na Majibu: Kilele Kirefu si Radikali Nyingi

Udongo wenye radikali huru ni sumu?

Hofu hiyo umeitoa kwenye matangazo ya vidonge. Radikali huru ni molekuli zenye elektroni pweke, isiyo na jozi. Kila udongo wenye mboji unazo, nazo zimekaa humo miaka na miaka bila kumdhuru mtu. Udongo uliolowa masizi au taka za viwandani una kesi yake, siichanganyi na hii.

Nimepima mboji ya kinamasi kwa EPR, mashine inayonasa elektroni pweke kwa sumaku na mawimbi ya maikrowevu. Kilele changu ni kirefu kuliko cha mwenzangu. Nani ana radikali nyingi?

Swali hili linarudi kama deni. Mashine haikuchorei ufyonzaji wenyewe, inakuchorea mteremko wake: mstari unapanda, unatumbukia, unarudi katikati. Kupata idadi ya elektroni pweke lazima utafute intigrali, yaani eneo chini ya mstari, mara mbili. Kwa makadirio ya haraka, zidisha urefu kwa mraba wa upana. Kwa hiyo mistari miwili yenye urefu sawa na umbo moja, wako wa upana wa gausi 4 (gausi hupima uga wa sumaku) na wake wa gausi 6: mwenzako amekuzidi mara 2.25, na wewe unashangilia urefu!

Nguvu ya mawimbi nayo hukuitaja. Radikali za mboji hushiba mapema: nguvu ikizidi, kilele hakikui inavyopaswa. Ongeza nguvu mara nne. Kilele kikikua mara mbili, endelea. Kikikua pungufu ya hapo zimeshiba, teremsha. Kisha pima sampuli ya kulinganishia ambayo idadi ya spini zake (elektroni pweke) unaijua, kwenye mrija wa aina ileile, uliojazwa kimo kilekile. Mwisho gawanya kwa gramu za kaboni, maana majivu na unyevu pia vina uzito. Ukiniandikia tena “spini 10¹⁷ kwa gramu” bila kusema gramu ya nini, sitajibu.

Udongo wangu mwekundu unatoa mlima mpana tu.

Ni chuma hicho. Oksidi zake ndizo zinazojenga mlima, na chuma kilichotawanyika hujitokeza karibu na g 4.3 (g ni nambari inayoonyesha mstari umekaa wapi kwenye uga wa sumaku). Ukiona mistari sita iliyoachana kiasi cha militesla 9 (gausi 90), hiyo ni manganizi. Usikimbilie kuufuta mlima kwa programu. Punguza eneo la uga unalopima libaki kama gausi 100 kuzunguka g 2.00, utazame polepole: radikali mara nyingi huonekana kama sindano iliyochomekwa mteremkoni. Na kama mrija wako ni wa kioo cha kawaida badala ya kwatzi, huenda ile 4.3 ni ya kioo. Mboji ya kinamasi yenye madini machache haikusumbui hivi.

Nikaushe kwa nyuzi 105 kisha nisage laini?

Ukitaka kupima kazi ya tanuri na kinu, sawa. Najua maji hunyonya mawimbi na mashine hukataa kutulia, lakini kausha kwa kugandisha, weka gizani, ponda kwa mkono. Niliwahi kugawa mboji moja mafungu mawili, moja kwa mchi, jingine kwenye kinu cha mipira. La kinu likaja na radikali zaidi, na baada ya kulala mezani siku chache zikapungua. Zilizotoweka hazikutoka kinamasini.

Wanaochota asidi hyumiki (sehemu ya mboji inayoyeyuka kwenye alkali) kwa hidroksidi ya sodiamu hewani ndio wanaonichosha hasa. Alkali pamoja na oksijeni hutengeneza semikwinoni, radikali za pete ya kaboni yenye oksijeni, palepale kwenye chupa, halafu ripoti inausifu udongo. Fanyeni chini ya nitrojeni, na muandike pH ya sampuli iliyoingia kwenye mrija.

NMR, ile mashine nyingine ya sumaku, haitoshi?

Haitoshi. Inasikiliza viini vya atomu. Elektroni pweke humo ni msumbufu tu, anatanua mistari.

Nimepata g 2.0036. Ni molekuli gani?

Hiyo nambari haitaji jina. Elektroni huru ina 2.0023, ikikaa karibu na oksijeni, g hupanda, na kati ya 2.003 na 2.004 kwa udongo tunafikiria jamii ya semikwinoni. Jamii, si molekuli moja. Halafu DPPH, ile poda ya zambarau tunayosawazishia mashine, nayo iko 2.0036. Hebu rudi ukaangalie kama hukuisahau ndani ya mashine.