Maswali ya Wasomaji: Pazia la Mabaki Lililovimba

Swali: Kikundi chetu cha kinamama 14 hapa Tanga kilikubaliana kutengeneza pazia moja kubwa la kutundikwa ukutani kwa mabaki tunayopewa na mafundi cherehani: vipande vya kanga na vitenge, lesi, tepe za satini, zipu mbovu, pamoja na viroba vya unga na visoda tulivyovitoboa kwa msumari. Kila mmoja alishona kipande chake nyumbani, kisha tukaviunganisha. Tulipolifua mara ya kwanza, kitenge chekundu kilichuja na kuitia doa lesi nyeupe, na baada ya miezi miwili pazia lilikuwa limevimba katikati na kila kisoda kimezungukwa na alama ya kahawia. Tunataka kuanza upya bila kuviacha vitu hivi. Tulikosea wapi? Na kazi ya watu wengi iitwe ya nani?

Jibu: Ndugu zangu, poleni sana. Kwa jinsi mlivyoeleza, vitu mlivichagua vizuri, ila mliviunganisha kabla ya kuvijaribu, na kila kimoja kina tabia yake kikikutana na maji, jua na uzito.

Nianze na visoda, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi hukwama. Kisoda ni chuma chenye ngozi nyembamba ya kukikinga. Mkikitoboa kwa msumari ngozi hiyo hupasuka, hewa ya chumvi ya pwani hukiingia, na kutu hushuka kwenye uzi wa pamba mpaka uzi wenyewe unaoza. El Anatsui, msanii Mghana aliyezaliwa mwaka 1944 na kufundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Nigeria mjini Nsukka, amejulikana duniani kwa mapazia makubwa ya vifuniko vya chupa ambayo wasaidizi wake huyaunga kipande kwa kipande kwa waya wa shaba. Lakini vifuniko vyake ni vile vya kuzungusha vya chupa za pombe kali, ambavyo ni vya alumini, hukatika kwa mkasi na havishiki kutu. Iwapo baadhi yenu hamtapenda kugusa vifuniko vya pombe, jambo ninaloliheshimu, tumieni makopo ya soda ya alumini na kukunja kingo zake kwa ndani zisikate vidole. Tafuteni sumaku katika spika mbovu: kinachovutwa nayo kiwekeni kando, kisichovutwa kishoneni.

Kuhusu vitambaa, loweka kila kipande usiku kucha, kila rangi peke yake, pamoja na kijipande cheupe cha amerikani, yaani kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Asubuhi kijipande hicho kitakuonyesha kama rangi inachuja. Kisha chomoa nyuzi mbili tatu uziwashe juu ya sahani: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, ilhali polista hujikunja na kuacha tone gumu. Tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa sababu pamba hurudi, yaani hupungua, inapofuliwa mara ya kwanza na polista hairudi, na vikishonwa pamoja kabla ya kulowekwa, mshono lazima ukunjamane. Kiroba nacho hufumuka kikikatwa na hukatikakatika kikikaa juani, kwa hiyo kunja ukingo wake mara mbili na usilitundike pazia mkabala na dirisha.

Kuvimba katikati nakuona kumetokana na mambo mawili. Vipande havikuwa na kipimo kimoja, na vizito vilining'inia kwenye vyepesi bila kitu cha kuvibeba. Mkeka wetu wa ukili unatufundisha jambo hili: ukili, yaani utepe wa miyaa, huweza kusukwa na mikono mingi, kila mtu barazani kwake, na bado ukashonwa ukawa mkeka ulionyooka, kwa kuwa upana ulikubaliwa tangu mwanzo. Hata lile blanketi kubwa la kuwakumbuka waliofariki kwa UKIMWI, lililoanzishwa Marekani na kutandazwa Washington Oktoba 1987, liliweza kupokea vipande kutoka kwa watu wasiofahamiana kwa sababu kila kipande ni futi 3 kwa 6, na vinane vikiungwa hufanya mraba wa futi 12. Ndani ya kipimo hicho watu walishona walichotaka. Nanyi chagueni kipimo, tuseme sentimita 40 kwa 40, na kila mmoja apewe mraba wa amerikani iliyokwisha kufuliwa, uliokatwa kwa kufuata uzi na si mshazari, kwa maana kitambaa cha mshazari huvutika. Mabaki yote yapigwe bandi, yaani yashikizwe kwa mishono mirefu ya muda, juu ya mraba huo kwanza, utundikwe siku tatu kwa vibanio, upimwe tena kwa futi kamba, ndipo ushonwe moja kwa moja.

Ama jina, kazi ni ya kikundi na iandikwe hivyo, na mapato mkubaliane kabla ya sindano ya kwanza. Hata hivyo ningependa kila mama adarizi jina lake nyuma ya mraba wake kabla vipande havijaungwa, kwa kuwa bitana, kitambaa cha kufunika upande wa nyuma, ikishashonwa hakuna mkono utakaofika tena pale.