Kabla hujampa kura mgombea binafsi

Tarehe 4 Mei 2000 niliingia kituo cha kupigia kura kusini mwa London nikitoka zamu ya usiku, buti za kazini bado miguuni. Kwetu Tanzania huwezi kugombea bila chama kukudhamini. Hapa kulikuwa na Ken Livingstone, mbunge wa chama cha Labour: chama kilimpitisha Frank Dobson, naye Livingstone akaamua kugombea umeya wa London peke yake.

Kazini wengi walimpenda ila waliogopa. “Hana chama, kura si itapotea?” Karatasi yenyewe ndiyo iliyonitoa hofu. Ilikuwa na safu mbili, chaguo la kwanza na la pili. Nikashika penseli iliyofungwa kwa kamba, nikamwekea Livingstone alama ya X safu ya kwanza, Dobson ya pili. Livingstone alipata asilimia 39 ya chaguo la kwanza. Wakabaki wawili wa juu, zikaongezwa kura za chaguo la pili za waliowachagua wagombea walioondolewa, akamshinda Steven Norris wa Conservative kwa karibu asilimia 58.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kwanza jua kura zinavyohesabiwa. Safu ya pili ilifutwa na sheria ya mwaka 2022. Mwaka 2024 Londoni tulichagua jina moja tu, mwenye kura nyingi akachukua. Kwa asiye na chama huo ni mlima, na mimi naona tumepokonywa kitu kizuri.

Halafu muulize mgombea wako atafanya kazi na nani akishapita. Livingstone aliweza kwa sababu meya wa London ana nguvu zake: Baraza la London lenye wajumbe 25, linalomsimamia, haliwezi kubadili bajeti yake bila theluthi mbili. Februari 2003 akaanza kutoza magari pauni 5 kuingia katikati ya jiji. Penye halmashauri inayoweza kumbana meya kila hatua, ahadi za mtu mmoja zipime mara mbili.

Na tafadhali jiandikishe. Mimi nilikaa miaka nikidhani kura ni ya raia wa Uingereza tu, hadi dada mmoja wa Mombasa aliponishika mkono. Ukitoka nchi ya Jumuiya ya Madola na una kibali cha kuishi Uingereza, unapiga kura. Daftari hufungwa siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Kituoni sasa wanadai kitambulisho chenye picha. Pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda inatosha, hata iliyoisha muda, mradi sura bado ni yako.