Namba Ndogo Hupandishwa Cheo Kimyakimya

Kwa siku mbili nzima, hapa Mombasa, nilishuku kila kitu isipokuwa mwenye kosa. Nilikuwa nimetengeneza kifaa cha kupima kina cha maji katika tangi lililo juu ya paa la nyumba ya kupangisha kule Kisauni, na kila ujumbe kiliotuma uliishia na baiti moja ya ukaguzi, yaani jumla ya baiti zilizotangulia, biti zake zikiwa zimegeuzwa. Upande wa kupokea uliukataa kila ujumbe. Nililaumu waya, kisha betri, kisha chumvi ya hewa ya pwani, ambayo kwa haki imeniharibia vifaa vingi, ila si hicho.

Kosa lilikuwa katika sharti moja la C++, lugha ya programu niliyotumia: ~jumla == baiti (alama ~ hugeuza biti), ambapo zote mbili ni uint8_t, yaani namba ya biti 8 isiyo na hasi. C na C++ hazifanyi hesabu kwa namba nyembamba kuliko int, namba kamili ya kawaida ya lugha hizo. Huipandisha cheo kwanza, iwe int. Kwa hiyo ukigeuza biti za 15 hupati 240 bali -16, na hakuna baiti, inayoanzia 0 na kukomea 255, itakayolingana na -16 hata siku moja.

Nilianza kwa kurudisha aina kwa mkono kila palipohitajika, nikasahau mahali pamoja. Tangu hapo natumia aina-ganda: struct (aina ya data unayojiundia) yenye uint8_t moja tu ndani, ikiwa na opereta zake yenyewe (alama za hesabu kama + na ~) ambazo hufanya hesabu, hukata matokeo yarudi kwenye biti 8, kisha hurejesha ganda lile lile. Kwa ganda hilo, kujumlisha 200 na 100 hutoa 44, kwa kuwa 300 hukatwa humo humo ndani ya opereta. Uzito hauongezeki, na static_assert (ukaguzi unaofanywa na kompaila, programu inayotafsiri msimbo) ya kwamba sizeof, yaani ukubwa kwa baiti, ni 1 hunithibitishia hilo.

Nakusihi usiliruhusu ganda ligeuke int lenyewe. Ukiliruhusu, siku utakayosahau kuandika opereta fulani kompaila haitalalamika. Italivua ganda kimya na kukurudisha ulikotoka. Weka explicit, neno linalozuia ugeuzaji wa kimya, kwenye konstrakta (kitendo kinachounda ganda) na kwenye ugeuzaji pia.

Ganda la biti 16 linataka uangalifu zaidi. Mahali ambapo int ina biti 32, 65535 mara 65535 ni 4,294,836,225, nayo int yenye alama, yaani inayobeba hasi pia, hukomea 2,147,483,647. Kufurika kwake hakuna maana iliyowekwa na lugha, hivyo kompaila ina ruhusa ya kufanya itakavyo. Ndani ya opereta ya kuzidisha, geuza kwanza kuwa uint32_t. Kinachoudhi ni kwamba kwenye bodi ndogo zenye int ya biti 16, uint16_t haipandishwi kuwa int yenye alama, basi msimbo ule ule usio na ugeuzaji huo huweza kupita majaribio kwenye bodi na kuharibika kwenye kompyuta.

Kwa kihesabu cha kitanzi sijisumbui, int inatosha. Ganda naliwekea baiti za ukaguzi na rejista za vifaa (vihifadhi vidogo vya namba ndani ya vifaa), ambako upana wa namba ni sehemu ya maana yake.