Barua kwa mwanangu: mjibu kwanza, bei itafuata

Mwanangu mpendwa,

Juzi kwenye simu uliniuliza: mtu akikuandikia kutafuta wa kumchorea nembo au bango, ukimjibu papo hapo si atakuona una shida ya kazi, akubane bei? Sikutaka kulijibu juu juu, ndiyo maana nakuandikia.

Mjibu. Yeye hajui una kazi ngapi mezani. Anajua ana haja, na siku yake inakaribia. Hapa sokoni Kibuye mzazi anayekuja Januari kutafuta sare huwa na karatasi ya shule mkononi na nauli ya kurudi Ahero mfukoni. Asipopata wa kumsikiliza kwenye cherehani ya kwanza, anaenda ya pili. Hajalinganisha ushonaji wa mtu. Ana mtoto wa kuvalisha Jumatatu.

Mwaka jana chama chetu kilipotaka bango, katibu aliwaandikia vijana kadhaa kwa WhatsApp. Kazi ilimwendea aliyejibu mchana ule ule, na bei yake haikuwa ya chini. Wengine walijibu baadaye, na picha nzuri kabisa za kazi zao, lakini pesa zilikuwa zimeshatumwa. Iliniuma, kwa sababu nilikuwaza wewe.

Ndugu yako alinisomea utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 katika Harvard Business Review. Kampuni zilizojaribu kumpata mteja ndani ya saa moja baada ya kuulizia zilikuwa na nafasi karibu mara saba ya kufika kwenye mazungumzo ya maana na mwenye uamuzi, kuliko zilizochelewa hata saa moja zaidi. Hizo ni kampuni zenye watu wa kupokea simu, kwa hiyo saa moja usiifanye sheria. Lakini siku tatu, mwanangu, ni nyingi mno.

Tena kujibu si kutaja bei. Naona mnakwama hapo: mnataka jibu la kwanza liwe na bei, sampuli na kila kitu, basi ujumbe unalala ukingoja mpate utulivu. Mwandikie hivi: "Habari za mchana. Nimepata ujumbe wako kuhusu nembo ya duka. Itachorwa kwenye kibao cha nje, au ni ya simu tu? Ukinijibu leo, kesho saa sita nitakutumia bei na siku za kazi." Basi. Mtu anayeuliza habari za kibao hakuna atakayemwona mwenye njaa, ataonekana fundi. Na hiyo saa sita uiheshimu, hata kama ni kumwambia unahitaji hadi jioni. Bei ya haraka haraka ndiyo itakayokubana, si jibu la haraka.

Ukiwa umejaa, sema mapema na umwelekeze kwa mwenzako.

Usiku ulale. Mteja wa New York akikuandikia saa tisa alasiri kwake, hapa ni saa nne usiku, na wakirudisha saa zao nyuma Novemba inakuwa saa tano. Ukimjibu saa kumi na mbili asubuhi, kwake bado ni usiku. Ataukuta ujumbe akiamka. Hajapoteza chochote, na wewe umelala. Simu ikae mbali na kitanda, nakuomba kama mama.

Yule wa Eldoret uliyenitajia, anayetaka menyu ya hoteli na hujamjibu tangu Ijumaa, mwandikie leo. Usimsimulie habari za stima kupotea. Mwombe radhi kwa kuchelewa, umuulize kama bado anatafuta mtu. Akisema ameshapata, mtakie heri, uihifadhi namba yake, na mwezi ujao umtumie kazi mpya utakayokuwa umeimaliza.

Mama yako,
Kisumu