Mfundishe mnyama kuanzia mwisho

Wengi wanaoanza kufundisha wanyama hupanga somo kwa mfuatano wanaotaka kuuona: hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha zawadi. Ushauri wangu ni ugeuze. Ukitaka mbwa aokote mpira, aubebe hadi kwenye kikapu na kuutumbukiza, anza na kutumbukiza. Mpe mpira mdomoni akiwa amesimama, kichwa kikiwa juu ya kikapu. Akiuachia tu, apate chakula papo hapo. Hilo likikolea, mrudishe nyuma hatua moja, halafu mbili. Kuokota sakafuni ndiko kuje mwisho.

Chakula huimarisha tendo lililotokea muda mfupi sana kabla yake. Kuokota kuko mbali mno na chakula, sasa nini kitalipa tendo hilo? Kikapu. Kikishaambatana na chakula mara nyingi, kukifikia tu kunakuwa tuzo. Ndivyo kila kiungo cha mnyororo huu wa matendo kinavyofanya kazi mbili: kinalipa tendo lililopita na kuashiria linalofuata. Tena mnyama daima anaelekea kwenye sehemu anayoijua zaidi, kwa hiyo hachoki upesi.

Mnyororo ukikatika, usimkaripie. Tazama umekatikia wapi. Mara nyingi ni kwenye viungo vya mwanzo, vilivyo mbali na chakula. Rudi kwenye kiungo kinachofuata pale palipokatika, ukiimarishe, ndipo uunganishe upya.

Chunga sana wakati wa kutoa zawadi. Mbwa akiachia mpira, akabweka, ndipo ukampa, umeshaongeza kubweka kwenye somo. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Mmarekani B. F. Skinner alieleza njiwa waliopewa chakula kila baada ya muda maalumu, wafanye wasifanye lolote. Mmoja akawa anazunguka kinyume cha saa akingoja mlo. Hakuna aliyemfundisha; kwa maelezo ya Skinner, chakula kilimkuta tu akizunguka.

Wala usidhani zawadi inaweza yote. Keller na Marian Breland, waliosoma kwa Skinner, waliandika mwaka 1961 kuhusu rakuni, mnyama mdogo wa porini wa Amerika, aliyefundishwa kutumbukiza sarafu kwenye kibweta. Alipopewa mbili, alikaa akizisugua pamoja, anavyofanya rakuni na chakula chake, na kadiri siku zilivyopita alizidi kuzisugua ingawa kusugua hakukumletea chochote. Ukiona mnyama anarudia jambo la asili yake katikati ya mnyororo, kuongeza chakula hakutasaidia sana. Badili kifaa, au badili kazi yenyewe.