Mbwa wa mashindano aliyestaafu: ataibomoa nyumba?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Tunaishi Leicester, Uingereza, nyumba ya kupanga yenye kiuani kisichotosha hata kuanikia mashuka mawili. Binti yangu wa miaka 9 ametuganda, anataka grehaundi, yule mbwa wa mbio, aliyestaafu mashindano. Baba yao anasema mbwa anayekimbia kilomita sitini na ushei kwa saa atatubomolea nyumba. Tuna paka mzee, na mdogo wetu ana miaka 4. Nimjibuje mtoto? – Mama wa wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie baba yao atulie. Mimi hapa Sheffield nimeshafuga wawili, na hakuna hata kikombe kilichovunjika. Shindano lao la kawaida la mita 480 linaisha kwa nusu dakika hivi, basi. Mtembeze asubuhi na jioni, dakika ishirini au thelathini kila mara, saa zilizobaki atalala. Kiuani chenu kinamtosha.

Taabu yake ni nyingine: hajui nyumba. Wa kwanza nilimchukua ana miaka minne, maisha yake yote ameyapitisha bandani na uwanjani. Jioni ile alisimama chini ya ngazi akalia kama mtoto. Mlango wa kioo aliuvamia kwa pua. Mashine ya kufulia ilipoanza kuzunguka, akajibanza nyuma ya kochi hadi usiku. Ngazi tulimfundisha siku tatu, mume wangu akimsukuma matako, mimi mbele na kipande cha samaki.

Ninayemhofia kidogo ni huyo wako wa miaka 4. Bandani, mbwa hawa hawakuzoea kuguswa wakiwa usingizini, na wengine hulala macho wazi, ukadhani yuko macho. Mjukuu wangu alimwangukia wangu aliyelala, akangurumiwa. Hakuumwa, lakini kosa lilikuwa langu. Tangu siku ile sheria ikawa moja: ukimtaka, muite jina kwanza ukiwa mbali, na kwenye godoro lake haingii mtu. Kama mdogo wako bado haelewi katazo, subirini mwaka mmoja. Dada yake atanuna, atazoea.

Paka mtajeni siku ya kwanza kabisa mkipiga simu kwenye kituo kinachowatafutia mbwa hawa makazi. Wao huwajaribu mbwa mbele ya paka, na wapo wanaofaa, ila mbwa huyu amelelewa kufukuza sungura bandia, na huwinda kwa macho. Anayeishi vizuri na paka sebuleni anaweza kumfukuza paka huyohuyo akikimbia uani. Wiki za mwanzo mvalisheni kifunga mdomo, na msiwaache wawili peke yao. Nje, kamba haivuliwi mahali pasipo na uzio, hata akiwa mtiifu namna gani. Na kola ya kawaida haimfai, maana shingo yake ni nene kuliko kichwa, atachomoka. Nunueni ile pana inayojikaza akivuta.

Nywele zake ni chache na mafuta mwilini hana, kwa hiyo Januari anahitaji koti. Wangu nilimfunga kanga ya zamani kabla sijanunua, jirani akacheka wiki nzima. Meno yao mara nyingi mabovu, tengeni fedha ya daktari. Na kabla ya nusu kaputi yoyote hakikisheni daktari anajua ni grehaundi, kwa sababu miili yao huchelewa kuondoa baadhi ya dawa hizo.

Ulinzi usiutarajie. Fundi wa boila aliingia kwangu kwa mlango wa nyuma nikiwa bafuni. Mbwa alinyanyua sikio moja, akageukia ukutani.

Mkienda kuwaona, mchukueni na mdogo. Mkalisheni chini, mtazame mbwa yupi anamjia polepole mwenyewe.