Maswali ya Wasomaji: Mimi Namtazama Asiyesema

Toleo lililopita nilidokeza kwamba kabla sijaanza kuandika habari za filamu nilisomea jukwaa Bagamoyo. Barua zimemiminika. Nimechagua nne ambazo majibu yake ninayo moyoni siku nyingi.

Dada, shikamoo. Wewe uliyesomea jukwaa, filamu unazozipenda kuliko zote ni zipi? Tafadhali usitutajie za Marekani tupu.
*Msomaji, Kigogo*

Marahaba. Basi naanza nyumbani. Ninayoiweka mbele ya zote ni *Maangamizi* ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill. Ndiyo filamu ya kwanza ambayo Tanzania iliipeleka kuwania Oscar, ila siipendi kwa sababu hiyo. Naipenda kwa ajili ya Amandina Lihamba. Huyu ni profesa aliyefundisha sanaa za maonyesho pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwandishi na mwigizaji wa tamthiliya, mtu aliyezoea kusikika ukumbi mzima. Ndani ya *Maangamizi* anaigiza Samehe, mgonjwa wa hospitali ya akili ambaye amenyamaza kwa miaka mingi. Mtu wa jukwaa amenyang'anywa sauti, kabaki na macho, mabega na namna ya kugeuza shingo. Kila nikiitazama najifunza upya kazi niliyodhani naijua.

Ya pili ni *La Noire de…* ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya mwaka 1966. Diouana anatoka Dakar kwenda Ufaransa akidhani anakwenda kulea watoto; akifika anakuta jiko, ndoo na amri. Kwa waajiri wake ni kama bubu, lakini sisi tunayasikia mawazo yake. Na sauti ile si ya Mbissine Thérèse Diop tunayemwona; aliyeisema ni mwanamke mwingine. Kwa hiyo Diop hakuwa na neno la kujishikiza, alikuwa na uso tu. Mtazame anavyosugua sakafu akiwa amevaa gauni zuri na viatu vya kisigino. Gauni lile linasema "sikuja huku kwa kazi hii" kabla hata sauti haijaanza.

Mnaona ninakoelekea. Kwenye jukwaa tulifundishwa kumfikia aliyekaa mstari wa nyuma kabisa. Ukisikitika, mgongo nao usikitike. Ukishangaa, mikono ishangae. Miaka mitatu baada ya kumaliza chuo nikapata nafasi ndogo ya mama wa bibi harusi kwenye filamu iliyokuwa inashutiwa Sinza. Nikaingia sebuleni nikasema maneno yangu kama nilivyofundishwa. Mtu wa sauti akavua hedifoni, mwongozaji akanisogelea taratibu: "Dada, hapa hakuna mstari wa nyuma." Tulirudia mara tisa. Mara ya tisa aliniondolea maneno yote, akaniambia nimsikilize tu binti akiongea. Ndiyo waliyoitumia. Kuanzia siku hiyo, nikikaa mbele ya filamu yoyote, namtazama asiyesema. Kama hasikilizi kweli, kama anasubiri tu zamu yake ifike, filamu hiyo mimi imenishinda.

Dada, kwa ushauri wako niliitafuta *Fences*. Nusu saa nzima watu wanaongea uani, nikazima. Hayo si maigizo yaliyopigwa picha tu?
*Kijana wa Mbagala*

Umeizima mapema mno, mdogo wangu, na nakusihi uirudie. Ni kweli asili yake ni tamthiliya. August Wilson aliiandika miaka ya 1980, na Denzel Washington na Viola Davis waliicheza jukwaani New York mwaka 2010, ndipo Washington akaiongoza kuwa filamu mwaka 2016. Maana yake ni kwamba walipofika mbele ya kamera, maneno yale walishayasema usiku baada ya usiku hadi yakawaingia mwilini.

Sogeza mpaka pale Troy, yaani Washington, anapomwambia mkewe Rose, yaani Davis, kwamba kuna mwanamke mwingine ana mimba yake. Wako uani. Troy anajitetea: miaka 18 amesimama mahali pamoja. Rose anamjibu kwamba na yeye alikuwa amesimama hapohapo, naye ana maisha yake. Sasa mtazame Viola Davis. Machozi yanashuka, kamasi zinashuka, na hafuti. Mwigizaji anayefikiria kamera angefuta. Mwanamke anayetoa jambo alilolibeba miaka 18 hakumbuki kwamba ana pua. Kisha mwangalie Troy, yule mwenye maneno mengi tangu mwanzo, maneno yanavyomwishia.

Mara ya kwanza niliitazama kwa jirani yangu Temeke, tukiwa wanawake watano sebuleni. Mmoja alikuwa anachambua mchele. Sini ile ilipoanza aliacha mkono juu ya sinia, ukabaki hapo mpaka ikaisha. Kiingereza chake ni cha kuombea maji, na hakuna aliyemtafsiria.

Kama bado unaogopa filamu ya maneno, anza na *12 Angry Men* ya mwaka 1957. Ni dakika 96, karibu zote ndani ya chumba kimoja. Wanaume 12, raia wa kawaida, wameitwa kuamua kama kijana mmoja ndiye aliyemuua baba yake. Kura ya kwanza, 11 wanasema ana hatia, mmoja anakataa. Sidney Lumet aliyeiongoza alianza kuigiza jukwaani akiwa mtoto, na kwa filamu hii aliwafanyisha waigizaji mazoezi ya wiki mbili kabla kamera haijawashwa. Wiki mbili! Kuna filamu hapa mjini inayoanza kushutiwa na kuisha ndani ya muda huo.

Angalia na kamera yenyewe. Mwanzoni inawatazama kutoka juu ya usawa wa macho. Inashuka polepole, na lenzi zinabadilishwa ziwe ndefu zaidi, mpaka mwishoni dari imewakalia vichwani na kuta zimewasogelea. Wewe mtazamaji unajikuta unakosa pumzi bila kujua umefanywa nini. Halafu kuna yule mzee kuliko wote, mpole, ambaye wenzake wanampuuza. Anamwona mwenzake akisugua pande za pua palipobanwa na miwani, akakumbuka kwamba shahidi wa kike naye alikuwa na alama zilezile. Basi alikuwa anavaa miwani. Na usiku ule aliposema ameona mauaji, alikuwa kitandani, na hakuna anayelala na miwani. Mzee yule alikuwa anafanya kazi ninayoizungumzia siku zote. Alikuwa anatazama.

Mume wangu anapenda filamu zilizotafsiriwa Kiswahili na wale watu wa vibanda vya video. Mimi naona wanaharibu. Tuamulie.
*Mama wa watoto watatu, Tandika*

Mpe shemeji haki yake. Lufufu, mtafsiri maarufu wa filamu hizo, na wenzake ni watambaji. Wanachukua hadithi ya watu wa mbali na kuitamba upya kwa lugha yetu, kwa mbwembwe, kwa majina ya mitaa yetu. Filamu ya mapigano ikipita mikononi mwao inanoga, na mimi huitazama.

Ila filamu ya kusikiliza usimpe mtafsiri, kwa sababu ukimya ndio wa kwanza kufa. Mimi niliiona *Mother India* ya mwaka 1957 kwenye kibanda cha Manzese nikiwa binti mdogo, nimefuatana na kaka yangu, kaseti imechoka hadi picha ina mistari. Kihindi sikujua hata neno moja. Nargis anaigiza Radha, mama aliyeteseka kuwalea wanawe, na mwisho anampiga risasi mmoja wao kwa mkono wake, kwa sababu kijana amemteka binti wa kijijini siku ya harusi yake. Akishapiga, anamkimbilia amkumbatie. Kibanda kizima kilinyamaza, wanaume wazima, joto lile, mabenchi yale. Tungekuwa na mtu wa kutueleza "sasa mama anaumia", tungeumia kidogo tu.

Kwa hiyo tazameni pamoja, siku ya shemeji na siku yako.

Mwanangu, mjukuu wangu wa kike ana miaka 16 na anataka kuwa mwigizaji. Anakesha na Bongo Movie. Baba yake amekataa kabisa. Nimwambie nini binti?
*Mzee wa Kigamboni*

Shikamoo mzee wangu. Bongo Movie imelea vipaji vya kweli, wengi wakianzia kwenye vikundi vya maigizo, kama Steven Kanumba aliyetokea Kaole. Ninachokilalamikia ni kusema kila kitu. Mtu amekasirika, anatuambia amekasirika, kisha anampigia simu rafiki kumwambia kwamba amekasirika, na simu yenyewe ina dakika nne. Binti akijifunza humo peke yake atajua kusema tu.

Amalize shule kwanza, hapo namuunga mkono baba yake. Baadaye kuna TaSUBa pale Bagamoyo, ndicho kile Chuo cha Sanaa tulichosoma sisi, na kuna Mlimani. Aende jukwaani kabla ya kamera, ajifunze kupumua na kukaa ndani ya hadithi saa nzima bila mtu wa kusema "kata".

Kwa sasa, mzee wangu, unaweza kumsaidia wewe mwenyewe. Mkalishe mbele yako, simu aiache chumbani. Msimulie jambo la kweli lililokupata ujanani, ambalo hajawahi kulisikia. Asikatize, asijibu, asitikise kichwa kukufurahisha. Kesho yake mkalishe tena palepale umsimulie habari ileile, na yeye aisikilize kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Utamwona usoni siku ambayo anaigiza na siku ambayo anasikiliza. Niandikie siku hiyo ikifika.